Moja, Mbili, Moja, Mbili

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa amefundisha uandishi wa programu chuoni kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akisamehe nukta iliyosahauliwa mwishoni mwa mstari. "Kompyuta haina huruma," alizoea kusema, "na mimi ndiye niliyesoma nayo darasa moja." Wanafunzi walicheka mwaka wa kwanza, wakanuna mwaka wa pili, na walipofika mwaka wa tatu wakawa wanawabana wadogo zao vilevile.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko aliishi na mtoto wa kaka yake, binti wa miaka ishirini na mbili ambaye tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, ndiyo maana babu yake akamwita Chiriku. Kaka mtu alikuwa akifanya kazi mbali, akamwomba dada yake akae na binti mpaka amalize chuo. Chiriku aliongea huku akipiga mswaki. Aliongea na jiko likikataa kuwaka. Shangazi yake, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alijifanya kuchoshwa na kelele hizo, lakini siku binti akichelewa kurudi aliwasha redio, maana nyumba ilikuwa kimya mno kwake.

Mwaka huo Chiriku aliingia mashindano ya vyuo ya kuandika programu, yeye na wenzake wawili: kijana mmoja mrefu kama mlingoti, na msichana wa miwani ambaye hakuwa na maneno mengi. Ulikuwa mwaka wao wa mwisho chuoni, kwa hiyo hawakuwa na nafasi nyingine. Timu nne za kwanza ndizo zingeendelea na ngazi ya juu. Tatizo ni kwamba Mwalimu Nukta alikuwa ameshakubali kutunga swali moja la mashindano hayohayo.

Hakuficha. Alimwendea mwenyekiti wa jopo la waamuzi, mzee mpole waliyemwita Profesa tu, akamweleza. Profesa alivua miwani akaisafisha kwa ncha ya tai.

"Mradi msizungumzie mashindano nyumbani," alisema. "Na siku yenyewe, timu yake ikiuliza chochote, usijibu wewe. Niletee mimi."

"Sawa, Profesa."

Wakakubaliana hivyo. Kwa wiki sita nzima, nyumba ile ilikuwa na mpaka usioonekana. Chiriku alianza sentensi, "Leo sisi tumejaribu ku—" akajiziba mdomo kwa kiganja, akaenda kuosha vyombo visivyo vichafu. Shangazi alicheka moyoni. Alikuwa na hakika kwamba hakuna watu waliowahi kushika kiapo kama wao wawili.

Swali lake lilikuwa la tano kati ya kumi. Watu wamepanga foleni, kila mmoja ameshika namba. Inatakiwa wajipange kuanzia namba ndogo hadi kubwa, na kinachoruhusiwa ni kitu kimoja tu: kumchomoa mtu popote alipo na kumpeleka mbele kabisa au nyuma kabisa. Programu inapewa foleni, nayo iseme ni mara ngapi, kwa uchache, watu watahamishwa. Mwanzoni kila namba ilikuwa ya mtu mmoja. Wiki mbili kabla ya siku, Profesa alimpigia simu.

"Swali lako ni jepesi mno, mama. Nimelimaliza nikisubiri chai ichemke. Likoleze kidogo."

Akalikoleza. Aliongeza sentensi moja: namba zinaweza kujirudia. Kisha akaifungua programu yake ya jibu, akairekebisha sehemu tatu, akaiendesha, ikatoa majibu. Majibu hayo ndiyo yangekuwa mizani ya kupimia kazi za timu zote.

Kulikuwa na utaratibu. Kila swali lilipaswa kutatuliwa pia na mwalimu wa pili, mtu asiyeiona programu ya mtungaji, kisha majibu yalinganishwe. Mwenzake aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa amelazwa wiki ile, mguu umefungwa plasta. Mwalimu Nukta alimtembelea wodini, akamkuta amelala, akaondoka bila kumwamsha. Jioni alijaza fomu. Kwenye mstari unaouliza kama swali limehakikiwa na mtu wa pili, alisita, akaifikiria miaka yake kumi na minne, akaweka alama ya ndiyo.

Siku ya mashindano walianza saa tatu asubuhi, na mwisho ulikuwa saa nane. Timu thelathini na mbili, watu watatu kila timu, na kompyuta moja kwa watatu hao. Kwenye ukumbi walikaa kwa safu, na kila swali lililotatuliwa timu ilifungiwa puto mezani, kila swali rangi yake. La swali la tano lilikuwa la njano. Waamuzi walikuwa kwenye chumba kidogo ng'ambo ya ukumbi: Profesa, Mwalimu Nukta, waamuzi wengine wawili, na fundi mitambo, mwanamke mnene mtaratibu ambaye aliongea kama vile kila neno linamkata ulimi.

Mambo yalianza vizuri. Kufikia saa tano kasoro dakika kumi, timu kadhaa zilikuwa zimepita swali la tano, na kwenye skrini ya waamuzi vilionekana vijisanduku vya kijani. Dakika hiyohiyo ikaingia kazi ya timu ya kumi na saba. Chekundu. Jibu si sahihi.

Mwalimu Nukta aliijua namba hiyo. Alijikaza, akageukia skrini nyingine. Saa tano na robo, timu ya kumi na saba tena, chekundu tena. Akanywa maji. Saa tano na nusu ukaingia ujumbe kwenye sanduku la maswali.

"Timu 17, swali la tano. Foleni ikiwa 1 2 1 2, jibu ni 1 au 2? Sisi tunapata 1."

Profesa hakuwepo. Alikuwa ametoka kuwapokea wageni. Wale waamuzi wawili walikuwa wamezama kwenye ubishi wao kuhusu swali la tisa. Mwalimu Nukta alisimama ili amfuate Profesa, akafika mlangoni, akasimama hapo. Aliwaza atakavyoonekana akipita katikati ya wageni, ameshika ujumbe wa mtoto wa kaka yake, akimvuta mwenyekiti kando. Nani angeamini kwamba hamtetei? Akarudi kitini. Kulikuwa na jibu la kawaida ambalo waamuzi huwapa watu kila mwaka, wala halikuhitaji kufikiri. Akaliandika.

"Hakuna maelezo zaidi. Someni swali tena kwa makini."

Akatuma, akajisikia msafi. Ndivyo alivyojisikia, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Saa sita, chekundu. Saa sita na nusu, chekundu cha nne. Timu nyingine zilikuwa zimeshika maswali ya saba na ya nane, maputo yamejaa juu ya meza zao, na timu ya kumi na saba, ambayo saa nne ilikuwa ya pili kwenye orodha, ilikuwa imeteremka hadi ya kumi na tisa. Haikuwa desturi ya Chiriku kung'ang'ania hivyo. Saa saba kasoro robo shangazi yake alishindwa kujizuia. Mwamuzi anaruhusiwa kufungua kazi ya timu yoyote. Akaifungua ile ya kwanza kabisa, ya saa tano kasoro kumi.

Ilikuwa programu fupi, safi, nukta zote mahali pake. Aliisoma mara moja bila kuielewa, maana alikuwa anatafuta kosa. Akaisoma mara ya pili. Ndipo alipovuta karatasi akaandika: moja, mbili, moja, mbili. Watu wanne kwenye foleni. Programu yake mwenyewe ilisema wahamishwe watu wawili. Akaweka kidole kwenye mbili ya kwanza, akaichomoa, akaipeleka nyuma kabisa. Moja, moja, mbili, mbili.

Mtu mmoja tu.

Akarudia, kana kwamba hesabu ya namba nne ingebadilika ikirudiwa. Haikubadilika. Alipoongeza ile sentensi ya namba kujirudia, programu yake iliendelea kuwachukua wenye namba ileile kama kifurushi: wakibaki, wabaki wote, na wakihama, wahame wote. Haikuwaza kwamba mmoja anaweza kuhama na mwenzake akabaki. Timu kumi na moja zilizopita zilikuwa zimekosea kama yeye alivyokosea. Waliopatia walikuwa wale wa kumi na saba.

Akafungua kazi zao nyingine. Ya pili ilikuwa ileile, wamegusa mstari mmoja. Ya tatu walikuwa wamebomoa nusu. Kwenye ya nne palikuwa na vurugu tupu, mistari ya watu waliochoka, wanaokivunja kitu kizima ili kumridhisha mtu asiyeona.

Fundi mitambo alikuwa amekaa karibu naye, akila biskuti polepole. Hakuna mwingine aliyejua lolote. Mwalimu Nukta aliikunja karatasi ile mara mbili, akaiweka chini ya kikombe. Saa moja na robo imebaki, aliwaza. Wakimaliza watakwenda zao. Nani atakaa kukagua swali la tano? Na akisema, atasemaje? Kwamba timu pekee iliyoonewa ni ya nyumbani kwake, na sasa anaomba irekebishiwe? Alijiona jinsi watakavyomtazama. Aliiona na ile fomu, na alama aliyoiweka kwa kalamu yake.

Akatoka kwenda korido. Mlango wa ukumbi ulikuwa na kidirisha cha kioo. Aliwatafuta akawaona safu ya nne. Kijana mrefu alikuwa ameegemeza kiti nyuma, mikono kifuani, hamtazami mtu. Msichana wa miwani alikuwa kwenye kibodi peke yake. Chiriku alikuwa ameinamia karatasi, midomo imebana, na hakuwa akisema na yeyote. Tangu amfahamu, Mwalimu Nukta hakuwahi kumwona amekaa na watu dakika tano bila kusema. Alisimama pale zaidi ya dakika tano. Muda ulikuwa unakwenda, naye alijua unakwenda, na bado hakuondoka.

Aliporudi chumbani Profesa alikuwa amekaa. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Profesa," alisema, "swali langu lina kosa."

Wale waamuzi wawili wakageuka. Akaichukua ile karatasi chini ya kikombe, akaikunjua, akawaonyesha kwa kidole. Haikuchukua hata dakika.

"Nani aliyeligundua?" aliuliza Profesa.

"Timu ya kumi na saba. Waliuliza saa tano na nusu."

"Ya mtoto wa kaka yako."

"Ndiyo."

"Mbona sikuletewa?"

"Niliwajibu mwenyewe. Niliwaambia wasome swali tena."

Profesa alivua miwani, lakini safari hii hakuisafisha. Mmoja wa waamuzi alikohoa akasema pengine liachwe lilivyo, kwa kuwa muda umekwenda na timu zote zilipimwa kwa mizani ileile.

"Hazikupimwa sawa," alisema Mwalimu Nukta. "Waliopatia wameambiwa wamekosa."

"Na huyo aliyehakiki?" Fundi mitambo ndiye aliyeuliza, biskuti mkononi. "Yeye alipata jibu gani?"

Angeweza kusema hakumbuki.

"Hakuna aliyehakiki. Alama niliiweka mwenyewe."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kulaumiwa. Walizungumza haraka haraka. Kuwanyang'anya puto wale wa timu kumi na moja haikuwezekana, kwa sababu waliambiwa wamepata wakaendelea na mengine. Kuwanyima waliopatia haikuwezekana pia. Profesa akakata kauli: waliokubaliwa wabaki wamekubaliwa, na kila aliyekataliwa akiwa na jibu sahihi ahesabiwe tangu dakika alipolituma mara ya kwanza, bila adhabu. Muda hauongezwi, maana ukumbi una watu wengine saa tisa.

"Watakuwa wamepoteza zaidi ya saa mbili," alisema Mwalimu Nukta.

"Najua. Hizo sina pa kuzitoa." Akamnyoshea kipaza sauti. "Tangaza wewe."

Akaingia ukumbini. Vichwa vikainuka. Alisema maneno machache, akiyatamka moja moja kama anayesoma imla: kwamba majibu ya swali la tano yalikuwa na kosa, kwamba timu iliyokataliwa ikiwa na jibu sahihi sasa itakubaliwa, kwamba kosa si la kompyuta wala la washiriki. "Ni la mtungaji wa swali, na mtungaji ni mimi." Minong'ono ikapita kwenye safu kama upepo kwenye makuti. Kijana mrefu aliketi wima, akamgusa Chiriku bega. Chiriku hakugeuka upande wake. Alikuwa anamtazama shangazi yake, usoni hana hasira wala furaha, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Mtu wa kugawa puto akaja na la njano, akalifunga kwenye kona ya meza yao. Msichana wa miwani alikuwa ameshafungua swali la saba.

Kwa dakika arobaini na tano zilizobaki walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Wakapata la saba. La nane walilituma zikiwa zimebaki dakika mbili, likarudi chekundu. Mwisho wa yote wakawa wa tano. Timu ya nne ilikuwa mojawapo ya zile kumi na moja, na puto lao la njano lilikuwa pale pale likining'inia.

Mwalimu Nukta alirudi nyumbani akamsubiri. Alichemsha chai ikapoa, akachemsha nyingine. Chiriku aliingia saa kumi na moja, akavua viatu, akaketi upande wa pili wa meza ya jikoni.

"Pole, mwanangu," alisema shangazi.

"Asante." Akajisogezea sahani ya mkate. "Nilijua ni swali lako. Lile la kuandika 'mtu popote alipo', hakuna mwingine anayeandika hivyo. Wenzangu walisema tuliache tuendelee na mengine. Nikawakatalia. Nikawaambia mtungaji wa hili namjua, hakosei, kosa litakuwa letu tu."

Shangazi alitazama mikono yake.

"Ule ujumbe ulifika kwako?" aliuliza Chiriku.

"Ulifika."

"Ukaifanya ile hesabu?"

"Hapana."

"Namba nne, shangazi."

"Najua."

"Kwa nini hukuifanya?"

Alikuwa amelitayarisha jibu tangu saa nane mchana, lenye habari za utaratibu na wageni na Profesa kutokuwepo. Lilipofika ulimini akaliona halifai.

"Kwa sababu ilitoka kwenu. Niliogopa watu wasione nakupendelea."

Chiriku aliisukuma sahani ya mkate, akaivuta tena.

"Ingetoka timu nyingine?"

"Ningechukua kalamu."

Binti aliinamisha kichwa kama anayekubali jambo alilokwisha kulihisi. "Sawa, shangazi," alisema, kwa adabu kamili, akaenda chumbani kwake. Mwalimu Nukta alikaa na ile "sawa" mpaka giza likaingia, na hakuna matusi ambayo yangemchoma zaidi.

Wiki iliyofuata aliandika barua ya kujitoa kwenye jopo, na ndani yake akaeleza habari ya fomu bila kujitetea. Mkuu wa idara alimwita akamwonya kwa maandishi. Vyuoni maneno yalizagaa, lakini yalizagaa kichwa chini miguu juu: kwamba kuna mwalimu aliyetaka kumbeba mtoto wa kaka yake kwa kubadilisha majibu mashindano yakiendelea. Hakujibu. Wangechunguza alichokifanya kweli, wangekuta kinyume chake. Kaka yake alipiga simu.

"Nasikia umembeba binti yangu."

"Ningembeba angefika."

Kaka alicheka kidogo, kisha akaona dada yake hacheki, akauliza habari za hali ya hewa.

Chiriku hakumnunia. Aliamka, akasalimia, akaosha vyombo vyake. Alipiga mswaki kimya. Mwezi mmoja kabla ya mitihani alisema angependa kuhamia bweni la chuo, karibu na maktaba, na shangazi akasema ni wazo zuri. Alihamisha vitu vyake kwa awamu mbili. Awamu ya pili kijana mrefu alikuja kumsaidia kubeba sanduku la vitabu, akamsalimia Mwalimu Nukta kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

Darasani mwalimu aliendelea na kazi. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliinua mkono, akasema mfano ulioandikwa ubaoni unamchanganya, yeye anapata jibu jingine. Wenzake walimcheka mapema. Mwalimu Nukta hakumwambia asome tena. Aliacha ubao, akaenda hadi kwenye dawati lake, akavuta kiti, wakaifanya hesabu pamoja mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa amekosea. Ilichukua nusu ya kipindi, na somo la siku ile halikuisha.

Mitihani ilipokwisha alimpigia Chiriku simu, akamwambia aje Jumapili, atapika.

"Nitaangalia," alisema Chiriku.

Jumapili hiyo hakuja. Iliyofuata alikuja, saa kumi, bila kutoa taarifa, yeye pamoja na wenzake wote wawili, wametoka kwenye usaili wa kazi. Walikuwa na njaa. Shangazi aliwasha jiko, likakataa kuwaka, na kutoka sebuleni alimsikia Chiriku akiwaeleza wenzake kwa urefu jinsi jiko lile lilivyokuwa na kiburi tangu zamani.